Kuandika Riwaya ya Kihistoria: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Vita vya Maji Maji

Mwandishi wa riwaya ya kihistoria hutungia mahali pamoja tu: pale kumbukumbu zinapokoma. Palipoandikwa, kazi yake ni kusoma na kutii. Palipo kimya, hapo ndipo penye uwanja wake. Riwaya nyingi za aina hii huharibika kwa sababu mwandishi hakuutafuta mpaka huo kabla ya kuanza. Alibuni mambo ambayo ukweli wake unajulikana, tena unasisimua kuliko alichobuni, kisha akapita mbio mahali ambapo hakuna aliyewahi kuandika neno na msomaji alikuwa akimngojea hapo.

Hatua zifuatazo zinaonyesha namna ya kuutafuta mpaka huo na kuutumia. Mfano wangu ni mmoja, Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wenyeji walipopigana na watawala wao Wajerumani, walioitwa Wadachi, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Nimevichagua kwa sababu vina karibu kila kitu kitakachomkabili mwandishi: nyaraka za mtawala, simulizi za wazee, utenzi, uganga, njaa, mashujaa ambao wajukuu wao wapo, na kimya kingi. Ukitaka kuandika juu ya Mkwawa, juu ya Abushiri bin Salim wa Pangani au juu ya Unguja ya Seyyid Barghash, njia ni hiyohiyo.

Hatua ya 1: Kata kipande

Vita vilianzia milima ya Umatumbi, kaskazini magharibi mwa Kilwa, mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Ndani ya wiki chache moto ulikuwa umefika Liwale na Mahenge, na baadaye Ungoni. Makabila zaidi ya 20 yaliingia, kila moja kwa sababu zake. Riwaya inayotaka kubeba yote hayo huishia kuwa kitabu cha shule chenye mazungumzo.

Chagua mahali ambapo mhusika wako anaweza kupatembea kwa miguu kwa siku mbili tatu. Chagua muda usiozidi msimu mmoja au miwili. Kisha andika swali moja kwa sentensi moja, ulibandike mbele yako. Kwa mfano wetu: mji mdogo wa Mohoro karibu na delta ya Rufiji, ulipokuwa na boma la Wadachi, kuanzia Juni hadi Septemba 1905. Swali: karani anayelipwa na serikali atafanya nini siku ndugu zake wa milimani watakapoamka dhidi ya serikali hiyo?

Ukishindwa kuliandika swali, bado huna riwaya. Una hamu ya historia, nayo ni njema, ila endelea kusoma kwanza.

Hatua ya 2: Fungua daftari la safu tatu

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ningependa uifanye hata kama utaziacha nyingine. Chukua daftari, gawa kila ukurasa safu tatu. Ya kwanza, yaliyothibitika. Ya pili, yanayosimuliwa. Ya tatu, ninayobuni.

Tuijaze kwa Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewapa watu maji. Safu ya kwanza: aliishi Ngarambe; watu walimwendea kutoka mbali kupata dawa; dawa ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama; watu waliahidiwa kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji; Wadachi walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Tazama jambo hilo la mwisho. Mtu ambaye jina lake limebeba vita vyote hakuviona vikienea. Ubunifu gani ungeshinda hilo?

Safu ya pili: wazee walisimulia kwamba mwaka 1904 alishikwa na pepo aitwaye Hongo, akaingia katika kisima cha maji mtoni na kutoweka. Ndugu zake walipiga mbizi wakamkosa, na kesho yake akaibuka nguo zake zikiwa kavu. Habari hii usiipeleke safu ya kwanza, wala usiifute. Mpe mhusika aliyekuwapo, au aliyesimuliwa na aliyekuwapo, aiseme kwa sauti yake. Riwaya haidaiwi kuamua kama nguo zilikuwa kavu. Inadaiwa kuonyesha watu waliosikia habari hiyo wakafunga safari ya siku nyingi, watoto mgongoni, kwenda Ngarambe.

Safu ya tatu: aliyosema na mkewe usiku wa mwisho nyumbani. Mlinzi aliyempa maji ya kunywa bomani. Kama aliogopa. Hayo hayajaandikwa popote, na ni yako.

Kanuni za daftari ni mbili. Habari huhama kutoka safu ya pili kwenda ya kwanza pale tu vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana vinapokubaliana. Na kilichoandikwa safu ya tatu hakihami kamwe. Baada ya miezi kadhaa ya kuishi na wahusika wako utaanza kuamini ulivyovibuni, na daftari ndilo litakalokukumbusha.

Takwimu nazo zina mahali pake. Wadachi walikadiria kwamba Waafrika 75,000 walikufa. Makadirio ya wanahistoria wa baadaye hufika 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa, baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala. Upande wa pili Wazungu waliokufa walihesabiwa 15. Andika tarakimu zote pamoja na jina la aliyehesabu. Kwa mwandishi, pengo lililopo kati ya tarakimu hizo ni habari kubwa: upande mmoja kila maiti ilikuwa na jina na faili, upande mwingine vijiji vizima havikupata hata mstari.

Hatua ya 3: Soma vyanzo kwa mpangilio, na ujue kila kimoja kinamtetea nani

Anza na kitabu kimoja kizuri cha mwanahistoria wa leo ili upate mifupa ya matukio. Usikae hapo muda mrefu. Nenda kwa sauti za wakati wenyewe.

Nyaraka za serikali ya Wadachi zimegawanyika: nyingi zipo Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, na zile zilizopelekwa wizara ya makoloni zipo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani mjini Berlin. Zina tarehe, majina ya askari, idadi ya bunduki, malipo. Ziamini zaidi kwa vitu vinavyohesabika na uzitilie shaka zinapoeleza nia za watu. Gavana wa wakati huo, Gustav Adolf von Götzen, alitoa kitabu chake juu ya vita hivyo mwaka 1909. Msome kama unavyomsikiliza mtu anayejitetea barazani: tarehe zake zifuate, sababu zake zipime.

Wamisionari waliandika barua na shajara. Wabenediktini walikuwa Peramiho tangu 1898, na misheni yao ilichomwa wakati wa vita. Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa tarehe 14 Agosti 1905 wakiwa safarini kuelekea Liwale. Faida ya wamisionari ni kwamba waliishi na watu. Waliandika nani aliugua, nani alioa, mvua ilichelewa kiasi gani. Kwa mwandishi wa riwaya hayo ni chakula.

Halafu kuna wazee. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya simulizi za waliokumbuka vita, katika mradi waliousimamia wanahistoria kina Gilbert Gwassa na John Iliffe. Bila kazi ile tungebaki na sauti ya boma peke yake. Humo ndimo tunamopata habari za njwiywila, mnong'ono uliopita kijiji hadi kijiji kuwaita watu kwa siri, na habari ya Omari Kinjala aliyepeleka maji Ungoni. Kumbuka tu kwamba wazee wale walihojiwa miaka 60 na zaidi baada ya matukio, katika nchi iliyopata uhuru juzijuzi na iliyotaka kuona vita vile kama mwanzo wa safari yake. Wanahistoria waliofuata wameongeza mambo mengine: wivu wa watawala wa jirani, misitu na uwindaji uliozuiwa, nguruwe mwitu walioharibu mazao wanaume wakiwa hawapo, mzigo wa pamba ulioangukia wanawake. Mambo haya madogo ya nyumbani ndiyo yanayojenga sura za riwaya kuliko hoja kubwa za siasa.

Usiyaruke maandishi ya Kiswahili ya enzi ile. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya vita hivi, akiviona kwa jicho la mtu wa mji wa pwani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika kwa undani desturi za Waswahili, kitabu kilichochapwa na Carl Velten mwaka 1903: ndoa, mazishi, deni, ngoma, uganga, adabu za kukaribisha mgeni. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili cha kusimulia ambacho ukikisoma kwa sauti unamsikia mtu akizungumza. Sisi wenye Kiswahili tuna bahati hapa: tunaweza kuwasoma watu wa 1900 kwa lugha waliyoiandika wenyewe. Mwandishi anayekimbilia ripoti za kigeni na kuviacha vitabu hivi amejinyima.

Mwisho, nenda mwenyewe ukahojiane na wazee, hata kama waliopigana hawapo tena. Usiulize "vita vilikuwaje?" Uliza babu yake alizikwa wapi, njia ya zamani ya kwenda Kilwa ilipita wapi, walikula nini mwaka wa njaa. Nyamaza baada ya kuuliza. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na mwambie wazi kwamba unaandika hadithi ya kubuni, maana wengi watadhani unaandika historia ya ukoo wao.

Hatua ya 4: Tengeneza kalenda ya siku kwa siku

Wengi hutosheka na mwaka. Mwaka hautoshi. Tukio likishapata siku yake ya wiki, mwezi wake angani na upepo wake, sura inajiandika nusu.

Chukua tarehe 4 Agosti 1905. Ukihesabu siku ya wiki utaikuta ni Ijumaa. Mohoro ilikuwa na Waislamu wengi, akina karani na wafanyabiashara, na watu wa vijiji huja mjini. Kinjikitile alinyongwa Ijumaa. Tayari unaona msikiti, unaona watu wakitawadha, na unajiuliza nani aliangalia na nani aligeuza uso.

Sasa mwezi. Tarehe 30 Agosti 1905 jua lilipatwa, na lilionekana limefunikwa lote huko Uhispania na Misri. Jua halipatwi ila mwezi ukiwa haupo angani usiku, yaani siku ya mwezi mwandamo. Hivyo usiku ule ulikuwa na giza tupu. Tarehe hiyohiyo, 30 Agosti, wapiganaji walivamia boma la Mahenge lililolindwa kwa bombomu, yaani bunduki za rashasha. Ukiandika kwamba walikaribia usiku wa kuamkia siku ile kwa mbalamwezi, umekosea, na kosa hilo linaweza kuthibitishwa na mtu yeyote mwenye penseli. Rudi nyuma siku 29 na nusu: mwezi uliotangulia uliandama mwanzoni kabisa mwa Agosti. Kwa hiyo jioni ile ya Ijumaa kulikuwa na mwezi mchanga upande wa magharibi, uliozama mapema. Na Askofu Spiss alipouawa katikati ya Agosti, mwezi ulikuwa unakaribia kuwa mpevu. Kalenda ya Kiislamu inakupa hakikisho: Mfunguo Tisa wa mwaka 1323 wa Hijria, yaani Jumada ya pili, ulianza siku hizo za mwanzo wa Agosti.

Fanya vivyo hivyo kwa upepo na mvua. Julai na Agosti ni kiangazi na upepo ni wa kusi. Jahazi linalotoka Kilwa kwenda Unguja linasukumwa, linalorudi linapambana. Mhusika wako asifike kusini kwa tanga kwa raha mwezi wa Julai. Vilevile pamba: msimu wa kuichuma ndio huo, kiangazi, wakati ambao mtu angependa kushughulika na shamba lake mwenyewe na mambo ya nyumbani. Ukilijua hilo hutahitaji kueleza kwa nini hasira ilipanda Julai.

Hatua ya 5: Mweke mhusika wa kubuni katikati, wa kweli pembeni

Kosa la kawaida ni kumfanya Kinjikitile mwenyewe awe msimulizi mkuu. Mtu wa kweli katikati ya riwaya anakufunga mikono: mwisho wake unajulikana, ndugu zake wapo, na kila neno unalomtia mdomoni ni madai juu ya marehemu. Akikaa pembeni, akaonekana mara tatu au nne kwa macho ya wengine, anakuwa mkubwa zaidi.

Karani wetu ni wa kubuni. Amezaliwa Umatumbi, amesoma Kilwa, anajua herufi za Kiarabu na amefundishwa za Kizungu. Anaandika hesabu za akida, msimamizi aliyewekwa na serikali. Mama yake bado yuko milimani na analima pamba ya jumbe, mkuu wa kijiji. Nafasi hiyo inamwezesha kuwa bomani asubuhi na kijijini usiku, kusoma barua ambazo wengine hawazisomi, na kuwa na kitu cha kupoteza kila upande. Ukimtafuta mhusika, tafuta mtu wa aina hiyo: mkalimani, mpagazi, mke wa askari, mjane anayepika pombe, kijana wa misheni. Nyaraka zimewataja kwa idadi bila majina, na hapo ndipo ulipo uwanja wako.

Wa kweli wa pembeni nao wachague kwa uangalifu. Ungoni kulikuwa na Mkomanile, mwanamke mtawala, aliyeupokea ujumbe wa maji kutoka kwa Kinjala na baadaye akanyongwa na Wadachi. Ukimtumia, mtumie kwa heshima ya alichofanya kweli, usimgeuze kuwa kipambo au mpenzi wa fulani.

Hatua ya 6: Kagua vitu

Haraka hapa, lakini usiruke. Pesa: hadi mwanzoni mwa 1904 rupia moja ya Wadachi iligawanywa kwa sarafu ndogo zilizoitwa pesa, 64 kwa rupia, kuanzia hapo ikawa heli 100. Karani wa 1903 anahesabu pesa, wa 1905 anahesabu heli, na wazee wanaendelea kuchanganya. Reli: ujenzi wa ile ya kati ulianza Dar es Salaam 1905 na kufika Morogoro 1907, kwa hiyo vita karibu vyote vilipiganwa kwa miguu, mzigo kichwani. Silaha: askari walikuwa na bunduki za kupakia risasi nyuma na bombomu chache, wapiganaji walikuwa na magobore, mikuki na mishale. Nguo: merikani na kaniki. Nchi: hakuna aliyeiita Tanganyika, jina hilo lilipewa koloni mwaka 1920 chini ya Waingereza. Kila kitu kinachoshikwa mkononi na mhusika kipitishe kwenye swali hilo: kilikuwapo, kilikuwapo hapa, na mtu kama huyu angeweza kukipata?

Hatua ya 7: Chagua Kiswahili chako

Hapa waandishi wetu hukosea kwa njia mbili. Mmoja anajaza ukurasa kwa maneno ya kale mpaka msomaji anachoka. Mwingine anamfanya jumbe wa 1905 azungumze kama ofisa wa semina: changamoto, mchakato, wananchi, harakati za ukombozi. Kosa la pili ni baya zaidi, kwa sababu linaharibu fikra zenyewe. Mtu wa Nandete hakung'oa pamba kwa ajili ya taifa ambalo halikuwapo. Alikuwa na jumbe wake, akida aliyetoka pwani, askari wa akida, kodi, mke aliyechoka na shamba lililoliwa na nguruwe. Mwache aseme hayo.

Ushauri wangu: simulizi iandikwe kwa Kiswahili safi cha leo, kilichoondolewa maneno ya ofisini. Mazungumzo yabebe majina ya cheo ya wakati ule, kwa kuwa hayo yanamweka msomaji mahali pake bila maelezo: bwana shauri, akida, jumbe, liwali, shaushi, ombasha, rugaruga. Wajerumani waitwe Wadachi. Barua ziwe na salamu zake ndefu kabla ya kufika "ama baada". Karani na mama yake wazungumze Kimatumbi, lakini usiandike kwa Kimatumbi unachokibahatisha. Yafanye mazungumzo yao yawe mafupi na ya karibu zaidi kuliko yale ya bomani, na msomaji ataelewa kwamba lugha imebadilika. Kila sura ikiisha, isome kwa sauti baada ya kusoma ukurasa mmoja wa Mtoro au wa Tippu Tip. Sikio litakuambia ulipoteleza.

Hatua ya 8: Andika tukio, maelezo yaingie yenyewe

Tuchukue jambo la safu ya kwanza: malipo ya pamba yalikuwa madogo kiasi kwamba baadhi ya watu walikataa kuyapokea. Mwandishi mwenye haraka ataandika hivi: "Mwaka 1905 serikali ya kikoloni iliwalipa wakulima ujira mdogo sana, jambo lililoibua chuki kubwa miongoni mwao." Ni kweli, na haliumi.

Jaribu hivi:

Karani alisogeza heli mezani. Mzee akazitazama, hakuinua mkono.
"Zihesabu, mzee."
"Nimekwisha zihesabu."
Akatoka. Heli zilibaki pale hadi akida aliporudi kutoka kuswali, akauliza ni za nani, na karani akaona hawezi kulitaja jina.

Hakuna tarehe wala neno chuki, ila mambo manne yamepita: kiasi cha malipo, heshima ya mzee, dini ya akida, na karani ambaye amefanya uchaguzi wake wa kwanza bila kujua. Kila sura ipe jambo moja la safu ya kwanza, na ulitafutie mikono miwili itakayolishika.

Katika rasimu ya kwanza usisimame kutafuta kila kitu. Usipojua dirisha la boma lilifungwa kwa kitu gani, weka alama ya nyota na uendelee. Siku moja kwa wiki iwe ya kuzifukuza nyota. Ukisimama kwa kila nyota utakuwa mtafiti mzuri asiye na riwaya.

Hatua ya 9: Ukibadilisha historia, badilisha kwa kukusudia na useme

Unaruhusiwa kubana muda, kuunganisha watu wawili wadogo kuwa mmoja, kusogeza mazungumzo kutoka kijiji hiki kwenda kile. Binafsi sikubali kubadilisha nani aliua na nani aliuawa, wala kumpa mtu wa kweli uovu au usaliti ambao hakuna chanzo kinachoutaja. Hapo umemshuhudia mtu uongo, naye hawezi kujibu.

Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969 aliandika katika utangulizi kwamba mtu wake wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, si Kinjikitile wa historia mwenyewe. Hata tahajia inawatenganisha wawili hao. Uwazi ule ulimpa uhuru mkubwa wa kuuliza swali lake kuhusu imani na nguvu ya neno. Fanya hivyo nawe: kurasa mbili mwishoni mwa kitabu, zinazosema nani aliishi kweli, nini umesogeza, nini umebuni. Ukiwa na daftari la safu tatu, kurasa hizo utaziandika kwa saa moja.

Hatua ya 10: Kumbuka wenye wafu wao

Tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea. Hadi leo kila mwaka watu hukusanyika pale katika makumbusho ya Maji Maji siku hiyohiyo. Familia ya Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi hao, bado inatafuta fuvu lake lililodaiwa kupelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha. Unapoandika juu ya watu hawa unaingia katika msiba ambao matanga yake hayajaanuliwa.

Kwa hiyo ukitumia jina halisi la ukoo, uende ukawaone. Ukieleza mauaji, eleza kwa kiasi kinachohitajika ili msomaji amwone mtu aliyepotea. Mwili wa mtu usiwe maonyesho. Na usiwasahau wa upande wa pili: askari wengi wa Wadachi walikuwa Waafrika, na akida na makarani walikuwa na watoto. Wajukuu wao nao watasoma. Mhusika mwovu asiye na sababu ni uvivu wa mwandishi, hata akiwa amevaa sare.

Hatua ya 11: Ukaguzi wa mwisho

Pitia rasimu mara moja kwa ajili ya tarehe peke yake, mara moja kwa ajili ya vitu, mara moja kwa ajili ya maneno. Usichanganye, jicho haliwezi kushika vitatu. Kisha tafuta wasomaji watatu: anayeijua historia ile vizuri, asiyeijua kabisa, na mzee wa eneo lenyewe ambaye utamsomea kwa sauti. Wa kwanza atakupa makosa, wa pili atakuonyesha mahali ulipochosha. Mzee akikukatiza akasema "haikuwa hivyo", usimjibu kwa kitabu. Fungua daftari, safu ya pili, uandike alivyosema pamoja na tarehe, kisha umwombe aendelee.